Fundi Nyoosha, Nyota Nne na Nusu

Simu ya mezani kwangu iliita saa nne asubuhi, na mwanamke aliyekuwa upande wa pili hakunisalimia.

"Nimpate Fundi Nyoosha," alisema. "Niko mtaani kwake. Nimeona namba kumi na nne, nimeona namba kumi na sita. Kumi na tano iko wapi? Nina mtoto wa miaka saba mgongoni na mguu wake haukanyagi."

Nilijua kumi na tano iko wapi. Haipo. Kati ya kumi na nne na kumi na sita kuna ukuta wa matofali na mfereji wa maji machafu, na ukuta ule niliuchagua mimi, miaka kumi na moja iliyopita, kwa sababu hauna mlango. Fundi Nyoosha naye hayupo. Nilimtunga kwenye meza hiyo hiyo ya simu, kalamu mdomoni, kwa muda usiozidi robo saa.

"Mama, hapo hakuna fundi," nikasema.

"Amehama?"

"Hajawahi kuwepo."

Nilimsikia mtoto akiuliza kitu, naye akimwambia ngoja. Kisha akaniuliza mimi ni nani.

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba namjua fundi wa kweli wa vyuma vya miguu, ni dada yangu, nimwelekeze njia.

"Yaani leo umeshanitembeza mji mzima, na bado unataka kunituma kwa dada yako," akasema. "Baba, una uso mgumu." Akakata.

Hiyo ilikuwa simu ya tatu wiki ile. Mbili za kwanza nilidhani ni watu waliokosea namba. Hii ya tatu ilinifanya niwashe kompyuta na kuandika kile ambacho mama yule lazima alikiandika: chuma cha mguu wa mtoto. Nikabonyeza. Juu ya maduka, juu ya hospitali, wa kwanza kabisa akatokea mtu wangu. Fundi Nyoosha. Nyota nne na nusu. Chini yake sentensi yangu, neno kwa neno: "Hupima mguu uliosimama, si uliolala, hukunja chuma kikiwa baridi, mikanda hushona mwenyewe." Watu arobaini na wawili walikuwa wamempa nyota. Mmoja aliandika: "Huduma safi, ni mzee mcheshi sana."

Mcheshi. Nilisoma neno hilo mara mbili.

Niseme ofisi yetu ilikuwa kitu gani, maana siku hizi ukimwambia mtu kwamba zamani utafutaji kwenye mtandao ulikuwa na watu ndani yake, anakutazama kama umemwambia mvua ilikuwa inamwagwa kwa ndoo. Ilikuwa ni orodha. Ilianzishwa na mwanamke mmoja mkutubi aliyestaafu, akakusanya watu tisa, kila mmoja akampa fungu lake. Mimi nilikuwa fundi bomba, niliacha shule darasa la sita, mgongo uliponisaliti akanichukua na kunipa mafundi wote. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza, "Ukiingia kwenye karakana ya mtu, unajuaje kama anajua kazi?" Nikamwambia naangalia vitu alivyovitupa. Nikaanza kazi kesho yake.

Masharti yake yalikuwa machache na hakuyalegeza hata kwa mgonjwa. Huandiki usichokiona kwa macho yako. Unaandika mstari mmoja, hauzidi. Mwisho wa mstari unaweka herufi za jina lako, ili aliyeumia ajue amtafute nani. Na kweli walitutafuta. Mwanamume mmoja aliniletea godoro lililolowa mpaka ofisini, akaliegemeza kwenye kabati langu, akasema, "Soma ulichoandika." Nikasoma kwa sauti: anaziba mabomba hayavuji tena. Godoro linatiririsha maji sakafuni. Nikaomba radhi, nikamfuta fundi yule siku hiyo hiyo.

Sharti jingine: huandiki ndugu yako. Kwa hiyo dada yangu, ambaye ametengeneza vyuma vya miguu ya watoto kwa miaka ishirini na saba, sikumwandika mimi. Alimwandika mwenzangu wa fungu la afya, tuliyemwita Mama Dawa, na alimwendea mara tatu kabla hajaweka herufi zake. Tangu siku hiyo wazazi walikuja kwa dada bila kukatika.

Na sharti la mwisho lilikuwa la mtego. Watu walikuwa wanatuibia. Tovuti za ovyo zilinakili kurasa zetu usiku mmoja na kuzitangaza kama zao. Kwa hiyo Mkutubi akaamuru kila fungu liwe na mtu mmoja wa uongo, akae chini kabisa, kwenye ukurasa ambao mwenye shida hawezi kuufikia, ila mwizi anayezoa kila kitu atamzoa. Anwani isiwepo duniani. Namba ya simu iwe ya mezani kwako, ili mtu akipiga kuulizia jina hilo ujue umeibiwa. Na mtego, alisema, lazima unuke ukweli, maana mwizi naye ana pua. Mimi zaidi ya bomba nilijua kazi moja tu kwa undani, kazi niliyoitazama nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa kwenye karakana ya dada. Nikaiazima. Nikamvika mtu wa hewa kazi ya dada yangu, nikamwita Nyoosha, nikacheka peke yangu, nikaendelea na shughuli nyingine.

Mkutubi alifariki. Mwanawe wa kiume akarithi. Miezi mitatu kabla ya simu ile aliifunga orodha, akaweka mashine inayotafuta yenyewe. Mama Dawa na wengine walipewa keki na kadi za kuagwa. Mimi nilibakizwa nipokee malalamiko, kwa sababu, alisema Mrithi, sauti yangu inawachosha watu haraka.

Basi nilimfuata Mrithi ofisini kwake. Ana miaka thelathini na kitu, na si mtu mbaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mbaya unamtukana ukamaliza.

"Bosi, kuna mtu inabidi umwondoe."

Akaangalia kioo cha kompyuta. "Huyu? Mbona yuko vizuri. Ni wa kwanza."

"Hayupo."

"Ana nyota nne na nusu, Fundi."

"Hata akiwa na mwezi na jua. Hayupo. Ni mtego wa mama yako, nilimtunga mimi."

Alicheka, kisha akaona sura yangu akaacha. Akanieleza polepole, kama anavyoeleza watu wote wenye mvi. Mashine haiendi popote. Inasoma kilichoandikwa kila mahali na kuhesabu. Wezi wetu wa miaka yote walikuwa bado wanatangaza kurasa walizotuibia, tovuti thelathini na kitu, na mashine ilipomkuta mtu mmoja kwenye sehemu thelathini ikasema huyu lazima ni mtu mkubwa. Nyota? Tovuti hizo hujimwagia nyota zenyewe zionekane zina uhai. Na dada yangu? Wezi hawakugusa kurasa za afya, waliogopa kushtakiwa. Dada alikuwa kwenye sehemu moja tu duniani, ukurasa wa Mama Dawa. Tulipoufunga, akafungiwa humo.

"Basi mfute huyu wa uongo, mweke wa kweli," nikasema. "Dakika mbili."

"Sigusi kwa mkono. Nikigusa leo kwa ajili yako, kesho kila mtu anakuja na ndugu yake."

"Wewe unaniambia mimi habari ya ndugu? Miaka kumi na minane sikumwandika dada yangu wa tumbo moja."

"Ndiyo. Ukaandika kazi yake ukampa mtu asiyekuwepo." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Fundi, mashine haikutunga uongo. Iliusoma. Na tusidanganyane. Mama alikuwa na mafundi elfu mbili. Mji huu una wangapi? Wale wengine wote walikaa gizani kwa sababu nyinyi tisa hamkupata nafasi ya kuwafikia. Yule wa bomba uliyemfuta kwa ajili ya godoro, ulirudi kumwangalia tena?"

Sikurudi. Nilisimama pale nikiwa na hasira na yeye, na ile ya pembeni, ya kwangu mwenyewe, ikinipanda mgongoni mpaka pale penye maumivu.

Nikiwa mlangoni akaniita. "Kama anakukera sana, dai ni wako. Kuna kitufe kinasema mimi ndiye mwenye biashara hii. Unaweza kubadili anwani. Jina tu usiguse. Ukibadili jina anahesabiwa mgeni, anaanza chini kabisa, hakuna atakayemwona."

Nadhani alidhani ananisaidia.

Jioni nilikwenda kwa dada. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, mlango wa bati, jiliwa kubwa la kubania chuma limekazwa kwenye meza ya mbao, na ukutani ngozi zimening'inizwa kwa unene wake, nyembamba juu, nene chini. Kwa kawaida sakafu ile ina vipande vya chuma na ngozi mpaka unatafuta pa kukanyaga. Siku ile ilikuwa imefagiliwa. Nilichukia usafi ule.

"Mdogo wangu, umekuja kuaga?" akasema. Alikuwa anafunga patasi zake kwenye kitambaa. "Mwisho wa mwezi narudisha funguo. Wameniita kiwanda cha vitanda, nichomelee miguu. Nimewaambia nina uzoefu wa miguu."

"Acha utani, Dada."

"Utani upi? Tangu mfunge lile liorodha lenu nimepata watoto watatu. Watatu, miezi mitatu. Na wale wa zamani wanakua, chuma kinawabana, mama zao wamepoteza namba yangu, wananitafuta huko kwenye simu hawanioni. Mmoja nilikutana naye sokoni anachechemea. Nikamwuliza mama yake, mbona hukuja? Ananiambia, 'Nilijua umekufa.'"

Nikamwambia habari yote. Ukuta, mtego, sentensi, nyota. Nilisema nikiwa nimesimama, maana mambo mengine huwezi kuyasema umekaa kwenye ndoo. Dada alisikiliza mpaka mwisho akiwa bado ameshika patasi.

"Hupima mguu uliosimama," akasema.

"Ndiyo."

"Hayo ni maneno yangu. Nilikwambia mimi, hapo ulipo."

"Ndiyo, Dada."

"Kikulacho ki nguoni mwako." Akaiweka patasi mezani, taratibu, na nikajua anaiweka taratibu kwa sababu angeweza kuirusha. "Miaka yote hiyo unanipita kwa mbali, sharti, sharti, siandiki ndugu, mimi ni mtu wa haki. Kumbe umeshaniandika. Umenipa ndevu na jina la kihuni ukanipeleka nikakae ukutani. Wewe ni mdogo wangu au umeokotwa?"



Alizunguka meza mara mbili. Akapiga mguu wa meza teke, akaumia kidole, akamtukana Mkutubi aliyekufa, akamtukana Mrithi, akanirudia mimi. Nilipoona amechoka nikamwambia, kama upumbavu tu wa kumalizia, kuhusu kile kitufe.

Akanitazama. "Unaweza kumhamisha?"

"Anwani tu. Jina linabaki."

"Basi mlete hapa."

"Dada, huo ni uongo."

"Uongo ulishausema, mdogo wangu. Mimi nakwambia uusogeze."

Usingizi haukuja, lakini asubuhi nilikuwa ofisini kabla ya mfagiaji. Nikabonyeza kitufe. Mashine ikaandika kwamba itanipigia simu kuhakikisha. Simu ya mezani ikaita pale pale, na sauti ya mwanamke asiyevuta pumzi ikanisomea tarakimu sita. Nikaziandika. Kioo kikasema: Hongera, Fundi Nyoosha.

Basi. Mkutubi aliwahi kunituma mara nne kwa fundi saa mmoja, kwa sababu mara tatu za mwanzo nilimkuta amefunga na hakutaka niandike kwa kusikia. Mashine haikutaka kuona hata kidole changu. Ilitaka tarakimu sita, tena ilizotamka yenyewe. Nikahamisha anwani, nikaweka namba ya dada, nikazima kompyuta.

Wakaja. Dada aliandika kibao kwa rangi aliyopewa na jirani yake wa duka, FUNDI NYOOSHA, akakipigilia juu ya mlango wa bati, na wiki ya kwanza wakaja tisa. Wote walimwulizia yeye. Dada alijibu, "Ametoka, mimi nitakupimia," nao wakakubali, wengine kwa shingo upande. Mmoja alimwambia kwamba msaidizi kama yeye ni nadra. Mwingine alimpa nyota tano Nyoosha akiwa bado yumo ndani, akamwonyesha dada simu kwa furaha. Funguo hazikurudishwa. Kiwanda cha vitanda kikatafuta mtu mwingine. Nilipaswa kushangilia. Kila nilipopita chini ya kibao kile nilitaka kuking'oa kwa meno.

Jumamosi ya pili nilikuwepo, nakata ngozi kwa kufuata chaki aliyonichorea, alipoingia mwanamume mwenye sare ya ulinzi, amembeba binti wa miaka mitano hivi. Mguu wa kushoto wa binti ulikuwa umepinda kuelekea ndani, mdogo kuliko mwenzake, na juu yake kulikuwa na chuma cha dukani kilichomchubua mpaka kidonda.

"Fundi yupo?"

"Ametoka. Mlete nimtazame," akasema dada.

"Nitamsubiri mwenyewe."

"Hicho chuma kinamla, baba. Nikifungue tu."

"Dada yangu, nimesema nitamsubiri." Alisema kwa adabu, lakini alimvuta mtoto karibu. "Hiki cha dukani alivalishwa na msaidizi."

Akakaa. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima. Dada alikuwa anakunja chuma cha mtoto mwingine kwenye jiliwa, sentimita mbili mbili, akikipima huku jicho moja limefumbwa, na yule baba hakumtazama hata mara moja. Alitazama mlango. Binti alikuwa ameinamia kidonda, anakipuliza kwa mdomo, kimya, kama mtu aliyezoea. Kisha baba akanigeukia mimi.

"Mzee, au ni wewe? Unajificha?"

Ningesema ndiyo. Ingekuwa rahisi. Ningesema ndiyo mimi, nikakaa pembeni, nikatikisa kichwa wakati dada anapima. Dada alishanikazia macho, nami nilielewa: usimwambie.

"Fundi ni huyo," nikasema. "Hakuna mwingine. Nyoosha hayupo, nilimtunga mimi ofisini. Nyota ni za uongo. Kazi ni ya huyu mwanamke, tangu mwanzo ni yake."

Dada akaacha kukunja chuma.

Baba alinitazama mimi, akamtazama dada, akaangalia kibao kupitia mlango ulio wazi. "Matapeli," akasema. Hakupaza sauti. Akamnyanyua binti, akatoka.

Tulimwona amesimama ng'ambo ya barabara, mtoto begani, simu mkononi, kidole kinapanda na kushuka.

"Umefurahi?" dada akauliza.

"Nimesema kweli."

"Kweli yako. Itamtoa yule mtoto kidonda? Miaka ishirini na saba watu wananiuliza mwanamume yuko wapi, unadhani ndiyo wameanza leo? Mimi nimeshazoea. Nilikuwa namsubiri achoke, mtoto angelia, angenipa mguu. Wanatoa daima. Lakini wewe huwezi kukaa na jambo kifuani, lazima ulitapike juu ya wateja wangu."

"Nisingeweza kumsikia akikuita msaidizi wa mtu niliyemtunga mimi."

"Basi ungetoka nje."

Alikuwa sahihi, na hilo halikunipunguzia hasira hata kidogo. Nikaendelea kukata ngozi, nikatoka nje ya chaki, nikaharibu kipande kizima.

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa ni baba yule, jasho limemtoka, simu bado mkononi.

"Nimeandika upya," akasema. Alikuwa amekasirika kama sisi ndio tuliomzungusha. "Nimeandika mara tatu, kwa maneno mengine. Inasema ni hapa. Inasema hakuna mwingine aliye bora."

"Nimekwambia—" nikaanza.

"Wewe nyamaza," dada akaniambia. Akafuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti kifupi. "Mkalishe hapa. Mvue viatu vyote viwili."

Akamkalisha. Binti alinyoosha mguu mwenyewe kabla hajaombwa. Dada akapiga magoti, akaanza kulegeza skrubu za kile chuma cha dukani, moja moja, akipuliza kidonda kila alipokaribia.

"Mwenyewe anarudi saa ngapi?" baba akauliza.

"Leo harudi," dada akasema.

Nikaweka kisu mezani, nikatoka nje, maana ningebaki ningesema tena.